Ugomvi kila ukurasa, lakini mgogoro uko wapi?

Mkuu, umesema kwenye hadithi yako mume anapiga, mke anarusha sahani, mwenyekiti wa mtaa anaitwa, na bado waliokusomea wanadai haina mgogoro. Naona wako sahihi. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kigoma, na hadithi za namna hiyo nazipokea kila muhula.

Chanzo kimojawapo ni tulivyosomeshwa fasihi. Darasani migogoro huwekwa kwenye maudhui, pamoja na dhamira na ujumbe. Mwanafunzi anachambua riwaya, anataja mgogoro wa kiuchumi, wa kijamii, wa nafsi, anapata alama zake. Kwa uhakiki inafaa. Ila akikaa kuandika anaanza na lile jina, na wahusika wake wanageuka wabeba mabango. Kwa mwandishi, mgogoro unafanya kazi ndani ya msuko, yaani mpangilio wa matukio: ndio unaoamua tukio lipi lizae lipi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Vijana wangu wengi waliandika kuhusu hilo: doria, boti zinafukuzana, makelele. Hadithi moja tu ilinishika. Baba ana mtumbwi Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma ambako wavuvi hushusha samaki. Mwanawe mkubwa yuko kwenye kikundi cha ulinzi wa mwalo. Vichanja vya mama vya kuanikia havina dagaa, na binti yao amechaguliwa kidato cha tano Tabora, anatakiwa kuripoti Julai, godoro hana, nauli ya treni hana. Usiku wa giza, ule ambao kila mtu wa mwalo anajua dagaa wanafuata taa, baba ameketi uani anashona wavu. Anamwambia mwanawe, "Nishikie taa."

Hakuna aliyepaza sauti, na mimi nilishindwa kuweka ile karatasi chini. Akiishika taa, anawasaliti wenzake na ziwa lenyewe. Akikataa, anamkwamisha dada yake. Pande zote mbili zina haki, na Julai haisubiri mtu. Mfanye yule baba mlevi na mroho uone: kijana anakataa, hadithi imekwisha kabla haijaanza. Ndiyo maana nawasisitizia vijana wampe mpinzani sababu ambayo wao wenyewe wangeikubali.

Angalia pia pale inapoanzia. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliigawa tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, katika kufunga fundo la matukio na kulifungua, akasema sehemu ya ule ufungaji mara nyingi hutokea nje ya tamthilia yenyewe. Hadithi fupi inalihitaji hilo kuliko utanzu wowote. Riwaya ina nafasi ya kutusimulia jinsi baba alivyonunua mtumbwi. Wewe una kurasa chache, tukute fundo limeshakaza.

Wapo watakaokuambia hadithi inaweza kusimama bila mgogoro, wakitaja muundo wa Kijapani wa sehemu nne, kishotenketsu, unaotegemea mgeuko wa sehemu ya tatu. Ni kweli, upo, na ni mzuri. Lakini wewe umeandika nyumba yenye kipigo. Huwezi kuukwepa mgogoro humo.

Sasa turudi kwako. Mume anayepiga sikuombi umtafutie haki, hana. Kwa hiyo mgogoro wako hauko kati yake na mke, uko kwa mke mwenyewe. Kwa nini hajaondoka? Ukijibu "anaogopa" umeishia njiani. Mpe kitu anachokipenda ambacho kiko ndani ya nyumba ile tu: shamba la michikichi alilolipanda kwa mikono yake, mama mkwe mgonjwa aliyemlea kama bintiye. Hapo kila anachochagua kitamgharimu.

Ondoa sahani, ondoa mwenyekiti. Andika usiku mmoja tu, mke ameshafunga mzigo na mama mkwe anaita chumba cha pili anaomba maji. Ukimaliza iweke hapa, nitaisoma yote.