Kubalansi kabureta za pikipiki: inasaidia kweli ama ni kula pesa ya watu?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa boda hapa stendi ya Tororo, Uganda, aliniita pembeni akaniuliza, "Mzee, fundi anasema Boxer yangu inataka kubalansi kabureta, anaitisha elfu thelathini, nimpe?" Nikacheka mpaka nikamwonea huruma. Kabureta ndo inachanganya hewa na petroli kabla ya kuingia injini, na kubalansi ni kufanya kabureta mbili au zaidi zivute sawa; Boxer ina kabureta moja. Moja! Sa utaibalansi na nini, na tangi? Nikamwambia afungue eyaklina kwanza, na kweli ilikuwa imejaa vumbi la maramu mpaka ukiigonga chini inatoa wingu. Akaipuliza, akabadilisha plagi, akaenda zake, ile elfu thelathini ikabaki mfukoni.

Lakini lile swali lilinibaki kichwani, kwa sababu mi mwenyewe nishalipa pesa kwa hiyo kazi ya kubalansi, na mara ya kwanza nililiwa.

Naendesha Suzuki GS500, si ya juzi, silinda mbili na kila silinda na kabureta yake. Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ilikuwa imelala stoo muda mrefu. Ilivyofika kwangu ukiiwasha na kuiacha kwa resi ya chini inatetemeka kama mashine ya kusaga mahindi, vioo vinacheza hadi taksi iliyo nyuma yako unaona kama taksi tatu, na klachi inapiga kelele kata-kata-kata ukiwa nyutro. Ukikaza resi barabarani inatulia, inaenda vizuri tu. Shida ni pale chini, kwenye foleni, kwenye matuta, na ukiachia akseleta halafu ukaishika tena inaruka kama punda.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Akasikiliza kama daktari, akasema kabureta hazijabalansi. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya katikati, ile inayounganisha kabureta mbili, huku ameinamisha sikio, zungusha, sikiliza, zungusha, akasema tayari. Na kweli ilitulia! Siku mbili. Siku ya tatu ikarudi kule kule, nikarudi kwake, akazungusha tena, nikalipa tena. Hapo ndo nikaamua kujifunza mwenyewe.

Sasa hii kitu yenyewe ni nini. Ndani ya kila kabureta kuna kile kibati cha duara, kipepeo, kinachofunguka ukivuta akseleta. Kwa resi ya chini vipepeo vimefunguka kiasi cha unywele. Kimoja kikiwa wazi kidogo tu kuliko mwenzake, silinda moja inavuta hewa nyingi na nyingine inavuta kidogo, moja inafanya kazi na nyingine inabebwa, ndo ile tetemeko. Lakini ukifungua akseleta yote, vipepeo vyote viwili vimelala kabisa, ule unywele wa tofauti hauna maana tena. Fikiria milango miwili, mmoja uko wazi vidole viwili na mwingine vitatu, watu wanaopita watatofautiana sana, ila ukiifungua yote kabisa, kidole kimoja nani atakiona? Kwa hiyo mtu akikwambia ukibalansi utapata spidi ya juu zaidi, huyo anakuuzia maneno.

Kumbe kwangu tatizo la kwanza halikuwa hata kubalansi. Ile mipira inayoshika kabureta kwenye injini ilikuwa imekauka ikapasuka, mmoja ulikuwa na ufa kwa chini ambapo huoni bila kuukunja. Hewa inaingia hapo bila ruhusa, fundi anaziba uongo kwa skrubu, ufa unaongezeka, mambo yanaharibika tena. Niliujua kwa kupulizia dawa ya kusafisha kabureta kidogo kidogo pale kwenye mpira injini ikiwaka, resi ikabadilika palepale. (Hiyo dawa inashika moto, usiimwage kama maji, na usifanye injini ikiwa ya moto sana.)

Halafu valvu, ile milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi kwenye silinda. GS500 inataka nafasi ya milimita 0.03 mpaka 0.08, na valvu yangu moja haikuwa na nafasi hata kidogo, filageji (kile kibati cha kupimia nafasi) nyembamba kuliko zote haikuingia. Vile vishimu, visahani vya chuma vya kurekebishia hiyo nafasi, sikuvipata Tororo, nilituma Kampala, nikakaa wiki mbili natembea kwa miguu. Valvu ambayo haifungi sawa inaharibu mvuto wa silinda yake, sa ukibalansi juu ya hiyo unasawazisha mgonjwa na mzima. Kwa hiyo kama hutaki kupoteza muda anza na valvu, plagi, eyaklina, mipira, kabureta zenyewe ziwe safi na jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli) hazijaziba, kebo ya akseleta iwe na ulegevu kidogo. Kubalansi kunakuja mwisho kabisa, na watu wengi hawapendi kusikia hivo kwa sababu hiyo mingine ndo ina kazi.

Geji za kupimia mvuto ni bei, mi sikununua. Nilienda kwa rafiki yangu fundi wa nyumba nikamwomba mpira wa levo, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, wanaoweka maji kupima kama ukuta uko sawa. Akili ni ile ile! Nilikata mita nne hivi, nikaupinda kama herufi U nikaufunga kwenye ubao mrefu, nikajaza mafuta ya tuu-stroku, ile oili inayochanganywa na petroli, mpaka nusu. Si maji, maji yakivutwa ndani ya silinda ni balaa. Kila kabureta ama ule mpira wake huwa na kitundu kidogo kilichozibwa kwa skrubu au kofia ya mpira, ncha mbili za mpira wa levo zinaingia hapo. Ndani ya kila ncha nilisukuma jeti kuukuu ya pikipiki nyingine ili kupunguza pumzi, bila hivo mafuta yanaruka juu chini huwezi kusoma kitu.

Mara ya kwanza niliwasha tu kwa haraka. Sekunde tatu, mafuta yote upande mmoja yakapanda, yakamezwa na injini, moshi ukajaa uani, jirani yangu akatoka kuanua nguo zake kwenye kamba huku ananiuliza, "Baba, unachoma nini leo?" Kosa langu ni kuwa sikuanza na kusawazisha kwa macho. Kabureta zikiwa nje, unachukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, unaupitisha chini ya kila kipepeo, unarekebisha skrubu ya katikati mpaka uzi unakwama sawasawa pande zote mbili. Ukifanya hivo tu umeshakaribia sana.

Baada ya hapo nikarudia. Pikipiki nje kwenye hewa, si ndani ya chumba, moshi wa egzosi unaua bila harufu ya kukutisha. Tangi limetoka, petroli inatoka kwenye chupa iliyoninginizwa mbali na egzosi, feni ya mezani mbele ya injini kwa sababu hii injini inapozwa na hewa tu na imesimama. Iache ipate moto kwanza, resi kama mizunguko 1,200 kwa dakika. Upande ambao mafuta yamepanda ndo unavuta zaidi, maana yake kipepeo chake kimefunga zaidi ya mwenzake. Unazungusha skrubu kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko, unapiga resi mara moja, unasubiri itulie, unasoma tena. Ukikaza nati ya kushikilia, angalia tena maana inahama. Na resi ikipanda yenyewe ukishabalansi usishangae, silinda iliyokuwa inabebwa imeanza kazi, irudishe chini kwa skrubu ya resi. Kwa zile za silinda nne unasawazisha mbili za kushoto, mbili za kulia, halafu skrubu ya kati inaunganisha pea mbili.

Usihangaike pia na namba za mvuto za kitabu cha pikipiki. Baharini uzito wa hewa ni kama sentimita 76 za zebaki, huku kwetu kwenye mita 1,200 hivi ni kama 66, kwa hiyo geji yako haitasoma alivosoma Mjapani. Unachotafuta ni pande mbili kulingana. Vitabu vingi vinaruhusu tofauti ya sentimita 2 za zebaki, na hiyo kwenye mafuta ni kama sentimita 30, sa ukiweza kufikisha tofauti ya vidole viwili kwenye mpira wa levo, umewashinda.

Na matokeo? Vioo vimetulia, nasoma namba ya taksi iliyo nyuma. Ile kata-kata ya klachi imepungua zaidi ya nusu. Kwenye foleni siachi tena mkono kwenye akseleta nikiogopa itazima. Nilimwagia maji kidogo kwenye bomba mbili za egzosi dakika moja baada ya kuwasha, zote zikakauka pamoja, zamani ya kushoto ilikuwa inachelewa. Spidi ya juu ni ile ile. Mafuta kwenda Mbale na kurudi sikuona tofauti ya kuandika.

Mwezi uliofuata nilipanda Kapchorwa, ikaanza kuzubaa ule mlima, nzito, plagi nyeusi. Nikadhani balansi imeenda tena, nikakaribia kufungua barabarani. Sivyo, huko juu hewa ni nyepesi, petroli inayoingia ni ile ile, inakuwa nyingi kuliko hewa, hiyo ni habari ya jeti na skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Ilivyoshuka kurudi Mbale ikawa sawa bila mtu kuigusa.

Nilipima tena baada ya mwaka, tofauti ilikuwa upana wa kidole, nikafunga bila kugusa. Ule mpira rafiki yangu aliukataa, anasema sasa kuta zake zitanuka tuu-stroku, nikamnunulia mwingine, huu uko ukutani kwangu. Mwenye pikipiki ya kabureta mbili au nne hapa Tororo aje auazime, aje na mafuta yake.