Bomba la jiko lisikatize makuti: yaliyonikuta Mambrui

Simamisha fundi. Asipande juu ya paa hiyo Jumamosi, hata kama ameshachukua arbuni yako.

Umeandika kwamba uko Matondoni, Lamu, unataka jiko la kuni lenye bomba, lipike na pia limpashe mama yako joto usiku kipindi hiki cha upepo wa kusi. Umeuliza kuni gani, jiko la ukubwa gani, bei gani, na kama vipande vya mbao za majahazi vinafaa kuchoma. Mimi jicho langu limegota kwenye sentensi moja tu: "fundi atatoboa makuti apitishe bomba, halafu azibe na lami maji yasiingie." Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2016, hapa Mambrui, nikimweleza shemeji yangu. Nyumba niliyoyasemea haipo.

Jiko langu lilikuwa la chuma, limechomelewa kutoka kwenye pipa la mafuta. Bomba lilikuwa la bati jembamba, inchi nne. Lilipanda wima kutoka jikoni, likakatiza makuti karibu na mgongo wa paa, likatokeza juu kama futi moja na nusu. Tundu fundi alilikata kwa panga sawasawa na unene wa bomba, akashindilia makumbi ya nazi pembeni, akapaka lami. Hebu yatazame hayo: makuti yanawaka, makumbi yanawaka, lami inawaka, na katikati yake kuna bomba la moto.

Miezi minne halikunipa tabu yoyote. Moshi uliisha jikoni, mke wangu akaacha kukohoa, mamangu baada ya magharibi akawa anakuja kukaa karibu na jiko na tasbihi yake. Majirani walikuja kulitazama. Wawili wakamchukua fundi yule yule awatengenezee, na hilo linaniuma kuliko mengi, maana waliona kwangu wakaamini.

Kosa lilikuwa linajijenga ndani ya bomba bila mtu kuliona. Kila usiku nilitia magogo mawili ya mvinje yaliyokatwa wiki ile ile, kisha nafunga kidirisha cha hewa karibu chote ili moto uwe mdogo na ukae mpaka alfajiri. Nilidhani nabana matumizi ya kuni. Gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unatumia nguvu zake kuyakausha hayo maji, moshi unapanda umepoa, na yale mafuta ya moshi yanaganda ndani ya bomba, meusi, yanang'aa. Usiyadharau kwa kuyaita masizi tu. Ni kuni nyingine hiyo, imekaa juu, karibu na paa lako.

Basi usiku mmoja wa Agosti, kusi inavuma, mke wangu alitaka maji ya moto ya mamangu kwa haraka. Akatia vifuu vya nazi vitatu vine na kufungua kidirisha. Vifuu unavijua. Mwali ukapanda, masizi yakashika. Nilisikia mngurumo kama lori linalopanda kilima, lakini limo ndani ya nyumba. Nilipofika jikoni bomba lilikuwa jekundu kutoka chini hadi juu. Masizi yakiwaka ndani ya bomba, joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na bati lile halikuwa nene kuliko ukucha.

Makuti hayakupi nafasi ya kufikiri. Nilimwinua mamangu, mke wangu akashika mtoto, tukatoka na nguo za kulalia. Nilipogeuka, upepo ulikuwa umeshaupeleka moto upande wote wa kaskazini. Watu walikuja na ndoo za kisima, Mungu awalipe, lakini walichoweza kuokoa ni kuta. Kasha la mamangu alilokuja nalo akiwa bibi harusi kutoka Siyu liliungua. Kofia tatu za vito alizokuwa anashona mke wangu ziliungua, moja ameifanyia kazi miezi mitano na mteja aliyeiagiza alikuwa amekwisha kulipa nusu. Cheche ziliruka mpaka kwa jirani, nikamwezekea upya: makuti mia tisa kwa shilingi 12 moja, elfu kumi na mia nane, wakati mimi mwenyewe nalala kwa shemeji.

Siku ya tatu nikawa napekua majivu, nikakuta kipande cha pau, ule mti wa kushikilia makuti, kilichoanguka chini karibu na jiko kabla hakijamalizika. Upande uliokuwa umeelekea bomba ulikuwa mkaa mtupu, kina cha kidole gumba. Upande wa pili ulikuwa mti, una gamba lake. Naamini ule mti ulikuwa umechomwa polepole miezi minne. Mti unaopashwa joto kila siku hukauka hadi ndani, hugeuka taratibu kuwa kama mkaa, na mwisho hushika kwa joto dogo kuliko mti wa kawaida. Kwa hiyo usiniambie "jirani yangu analo mwaka mzima na halijaungua." Mwaka huo mzima mti wake unapikwa.

Sasa fundi. Jina lake silitaji, na kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Nilimuuliza waziwazi kabla hajatoboa: hili bomba halitachoma makuti? Akacheka, akaniambia babu zetu wamepika chini ya makuti tangu enzi, na moshi ndio unaoyakinga na mchwa. Lililoniponza ni kwamba maneno yake yalikuwa ya kweli. Jiko la bibi yangu lilikuwa la mafiga matatu chini ya makuti, na makuti yake yalikuwa meusi na magumu, yakadumu kuliko ya chumbani.

Lakini fikiria moto wa mafiga unavyokwenda. Uko chini, paa liko juu sana, moshi unatawanyika na kupoa njiani, cheche zinazima kabla hazijafika popote. Na bibi alikuwa amekaa pale pale, akimaliza kupika anavuta kuni nje anazima. Bomba linafanya kinyume chake kabisa. Linaukusanya moto, linauzuia usipoe, linaupandisha mpaka kwenye makuti, na linafanya hivyo usiku umelala. Fundi yule aliuchukua ukweli wa mafiga akauvisha bomba. Nilipomfuata baada ya nyumba kuungua akaniambia ni kudra. Mimi naamini kudra. Lakini Mwenyezi Mungu hakukata lile tundu kwa panga.

Na kuna mwingine aliyekujibu kwamba uzungushie bomba simenti inchi mbili; tafadhali asikudanganye. Simenti inapitisha joto. Inachelewa tu kidogo, kisha inapasuka na kuacha ufa, na cheche inapita kwenye ufa. Bomba la ukuta mmoja linatakiwa likae sentimita 45 mbali na kitu chochote kinachoweza kuwaka, pande zote, na halitakiwi kukatiza dari wala paa la namna hiyo hata kidogo. Uingereza bado wana nyumba za kuezekwa kwa nyasi, na kule mdomo wa dohani, yaani njia ya kutolea moshi, unatakiwa uwe angalau mita 1.8 juu ya paa la nyasi. Mimi nilikuwa na futi moja na nusu, na kusi inapuliza.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayaacha: bomba lisikatize makuti. Jenga jiko kando. Mimi jikoni kwangu sasa ni chumba peke yake uani, hatua kumi na mbili kutoka nyumba kubwa, paa ni mabati juu ya vyuma, na kimekaa upande wa kaskazini wa nyumba ili kusi ipeleke cheche mbali na makuti. Kaskazi ikianza kuvuma upepo unageuka kuja kwenye nyumba, ndiyo maana dohani niliipandisha juu zaidi, ya matofali ya kuchoma, na miezi hiyo siwashi vifuu kabisa. Kama kiwanja chako ni kidogo, maana najua Matondoni nyumba zinavyosogeleana, basi ezua makuti juu ya jikoni peke yake na uweke mabati au zege, na bomba liwe mbali na makuti yaliyobaki, na mdomo wake uwe juu ya makuti hayo, kwa vipimo hivyo nilivyokupa. Fundi akisema ni gharama, muulize atakulipa nini nyumba ikiungua, na jibu lake mwambie aliandike.

Jambo jingine, kwa sababu Lamu mawe ya matumbawe yamejaa na fundi atataka kuyatumia: usijengee nayo sehemu inayokaa moto. Nyinyi kwenu mnachoma mawe hayo hayo kupata chokaa, kwa hiyo unajua yanavyofanyika. Dohani yangu ya kwanza baada ya ajali niliijenga chini kwa matumbawe, na kwa mwaka mmoja ikaanza kumomonyoka unga mweupe ndani. Tumia matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu. Matumbawe weka nje.

Kuni: mvinje ni nzuri sana, moto wake mkali na unakaa, lakini ipasue, ipange ndani ya banda lenye upepo, uisubiri miezi sita au zaidi. Kuni iliyokauka ina nyufa mwishoni, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kavu. Mbichi inatoa sauti iliyozibwa. Washa moto mchangamfu wa muda mfupi kuliko moto uliobanwa wa usiku kucha, utatumia kuni chache na bomba litakaa safi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, ukwangue siku hiyo hiyo.

Mbao za majahazi kuukuu achana nazo. Zimekunywa maji ya chumvi miaka mingi na kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Chumvi hiyo inakula bati la jiko na bomba, na moshi wake ni sumu. Mabaki ya mbao mpya, zile ambazo hazijaingia baharini wala kupakwa kitu, hizo sawa.

Kuhusu mama, na hapa nakuomba sana: ukisitisha jiko usije ukamwekea seredani, jiko la mkaa, chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoonekana hauna moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, mtu anazidi kulala tu mpaka haamki. Baridi ya kusi kwa mzee ni upepo zaidi kuliko hewa yenyewe. Sisi mamangu tulimzibia dirisha la kusini kwa mkeka na pazia zito, usiku tukimwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga miguuni. Alikaa hivyo miaka mitatu bila kulalamika.

Sasa kaka, chukua tepu. Pima kutoka pale fundi alipotia alama hadi makuti ya karibu zaidi, na kutoka hapo hadi mgongo wa paa, uniandikie hapa kabla ya Ijumaa. Usiku huu niko macho.