Sukari Haikusubiri: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Lishe na Kisukari

Ukiingia kwenye utafiti wa chakula na kisukari, utafundishwa takwimu mapema. Ni sawa, ila data nyingi huharibikia huko huko kijijini, na hakuna fomula itakayozifufua.

Anza na damu. Chembe zake huendelea kula glukosi hata ikiwa ndani ya chupa, na kwenye joto la chumba sukari hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu mwenye 7.2 mmol/L (milimoli za glukosi kwa lita), sampuli yake ikikaa saa moja kwenye kisanduku, husomeka 6.8 hivi. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kisukari kwa aliyefunga ni 7.0, basi ameshaandikwa hana. Tena kosa hili lina upendeleo: vijiji vilivyo mbali na maabara vitaonekana vina afya kuliko vya karibu, na mtu ataandika makala nzima kudai sababu ni mihogo.

Usiitegemee mno ile chupa ya kifuniko cha kijivu. Floridi iliyomo huzuia kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa safari ya kuvunja glukosi. Vilivyotangulia huendelea na kazi kwa saa moja au zaidi. Kwa hiyo pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10 bila kuitikisa, itumbukize kwenye barafu iliyochanganywa na maji (vipande vikavu haviigusi pande zote), kisha izungushe kwenye sentrifyuji (mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha kasi) ndani ya dakika 30 na uitenge plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe. Usigandishe damu nzima, chembe zitapasuka. Chupa za sitrati husimamisha uvunjaji mapema zaidi. Bajeti ikiruhusu, nunua hizo.

Kwa kipimo cha kunywa glukosi, mshiriki afunge usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji ruksa. Usimuulize tu kama amekula. Atajibu hapana kwa moyo mweupe, kumbe alfajiri kapiga kikombe cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Uliza chai kwa jina lake, uliza na uji. Dozi ni gramu 75 za glukosi kavu. Kama lebo inasema ni monohidrati (glukosi iliyoshikamana na maji), pima gramu 82.5. Koroga kwenye mililita 250 hadi 300 za maji, amalize ndani ya dakika 5, na saa ianze kuhesabiwa kwenye funda la kwanza. Akae, asivute sigara, asitoke kwenda dukani. Damu ya pili ni dakika ya 120. Akitapika, kipimo kimekufa. Mpangie siku nyingine. Uliza pia siku tatu zilizopita: aliyepunguza ugali na wali hadi chini ya gramu 150 za wanga kwa siku anaweza kusomeka juu kuliko hali yake halisi.

HbA1c (kipimo cha sukari iliyoshikamana na himoglobini ya chembe nyekundu) haihitaji kufunga, ndiyo maana inapendwa. Lakini upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu huishusha, na baadhi ya mashine huyumbishwa na vinasaba vya selimundu. Ulizia njia ya mashine yako kabla hujasaini mkataba.

Halafu chakula chenyewe. Mwache mtu ataje vyote vya jana bila kumkatiza, ndipo urudi kwenye vinavyosahauliwa: vitafunwa, matunda ya njiani, soda. Wakila sinia moja, sehemu ya kila mmoja ni makisio, basi andika kuwa ni makisio. Kwa ugali, taja kama gramu ni za unga au za uliopikwa.

Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha NIH (taasisi za taifa za utafiti wa afya) na kuwapimia kila mlo. Matokeo yao ya 2019: kwenye vyakula vilivyosindikwa sana, watu walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Kiasi hicho ni kama vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya kupikia, na mafuta ndiyo mpishi asiyoyapima. Pima chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kuunga mboga, pima chupa hiyo tena sufuria ikishaepuliwa, na uliza wangapi walikula.