Mkuu, usisakinishe Linux usiku huu: D yako haiko salama

Subiri kwanza, mkuu. Umeandika kwamba leo watoto wakilala unaweka Linux, mfumo endeshi wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, kwenye HP yako ya RAM 4GB, kwa sababu Windows 10 iliachwa bila masasisho ya bure tangu 14 Oktoba 2025 na mashine yako haiikubali Windows 11. Unasita kati ya Kali na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za Linux, unauliza habari za Excel. Halafu katikati ukapenyeza sentensi iliyonifanya niache chakula: "vitu vyangu vyote viko D kwa hiyo havina shida." Vina shida, tena kubwa.

Imani hiyo naijua ilikotoka, maana nilikuwa nayo. Windows ikigoma tunapeleka kompyuta kwa fundi, anauliza, "Vitu vyako viko C au D?" Ukisema D, anapiga Windows upya na unarudi nyumbani na kila kitu chako. Miaka nenda miaka rudi D haiguswi, mpaka tukaamini ni kabati la pembeni. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani C na D ni vyumba viwili vya diski moja, umepita ukuta tu katikati. Fundi wa Windows anafomati chumba kimoja. Kisakinishi cha Linux ukikichagulia "Erase disk" (futa diski) kinavunja nyumba nzima pamoja na ukuta.

Mwaka 2019 nilikuwa na Dell yenye diski ya 500GB. Kwenye D kulikuwa na picha za familia za miaka kumi na moja, hesabu za duka la mama, na video ya baba akiwasimulia wajukuu safari yake ya kwanza kwenda Unguja kwa jahazi. Baba alikuwa ameshafariki. Video hiyo hakuwa nayo mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa namfuata jamaa mmoja anayefundisha kompyuta kwa video. Akafika kwenye ukurasa wa kuchagua, akasema bila hata kupumua: "Hapa weka Erase, ndiyo rahisi, D haihusiki." Mpaka leo nikikumbuka sauti ile nakasirika. Alikuwa anarekodi kwenye mashine tupu, hana hata picha moja ya kupoteza, anawaelekeza watu wenye maisha yao yote mle ndani. Nilimwandikia baadaye kumweleza yaliyonipata, akafuta maoni yangu na video akaiacha. Ukitaka kufundisha watu, fundisha kwanza kile kinachoweza kuwaumiza!

Na kabla hamjaja kuniambia sikusoma: nilisoma. Kisakinishi cha Ubuntu 18.04 kilionya kwamba programu, nyaraka, picha na muziki wa mifumo yote vitafutwa. Nikaelewa ni vya C, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Anayetaka kunicheka aanze kwa kutuambia picha zake ziko kwenye diski ngapi.

Baada ya dakika ishirini Ubuntu ikawaka, nzuri, nyepesi. Nikaanza kuitafuta D. Linux haina C wala D. Diski kama yangu inaitwa sda, na vyumba vyake ni sda1, sda2 na kuendelea. Yangu ilikuwa imebaki na sda1 peke yake, imejaza diski yote.

Hapo nikafanya kosa la pili. Ilitakiwa nizime mashine saa hiyo hiyo, kwa sababu faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka (HDD) kama ile linabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi niliendelea kuitumia siku tisa, nikapakua na tamthilia. Nilipokuja kupata mtu wa kunionyesha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ilirudisha maelfu ya faili yasiyo na majina wala mafolda, mengi yakiwa vipicha vya kurasa za intaneti. Nilikaa wiki tatu kila usiku nikifungua moja moja. Picha za harusi ya dada zilirudi nusu. Hesabu za duka, chache. Video ya baba haikurudi.

Ndiyo maana nakushikilia hivi. Kabla flashi ya Linux haijagusa mashine, kila usichotaka kukipoteza kiwe kwenye diski ya nje, ukifungue kwenye kompyuta nyingine uone kinafunguka, kisha diski hiyo uichomoe. Kuchomoa ni lazima, kwa sababu ikibaki imechomekwa kisakinishi nacho kitaiorodhesha, na saa sita usiku macho hayatofautishi sda na sdb.

Kali achana nayo. Ni mfumo wa watu wanaopima usalama wa mitandao, na wanaoitengeneza wenyewe wanasema haimfai mtu asiyeijua Linux. Kwa RAM yako chukua Linux Mint ya Xfce, yaani yenye muonekano mwepesi, imejengwa juu ya Ubuntu na mpangilio wake hautampoteza mtu aliyezoea Windows. Andaa bando, faili lake linakaribia 3GB. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ukae nayo siku kadhaa uone kama waifai inashika na sauti inatoka. Ikikataa waifai, unganisha simu kwa waya wa USB. Badala ya Excel utatumia LibreOffice, inafungua faili zako nyingi isipokuwa zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ndizo zinazosumbua.

Lakini hayo yote ni ya wiki ijayo. Leo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, utaona mistari ya diski zako. Kama C na D ziko kwenye mstari mmoja ulioandikwa Disk 0, ujue ni nyumba moja. Piga picha uiweke hapa kabla hujabonyeza chochote. Nipo macho mpaka saa saba.