Ulanzi ulivyoniinua kichwa njiani

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji kaniandikia: "Kaka, hata mimi kazini naenda kwa mguu, lakini njia yangu haina cha kutazama. Wewe unavitoa wapi?" Swali limenigusa, maana nami nilikuwa hivyohivyo.

Pikipiki yangu niliiuza mwaka juzi kulipia matibabu ya mama. Kuanzia hapo ikawa Kihesa hadi mjini Iringa kwa mguu, kwenda na kurudi. Asubuhi moja ya mvua mwenzangu wa ofisini alinipita na gari lake, viti vitatu vitupu, akapiga honi na kupunga mkono. Hakusimama. Mpaka leo nikiikumbuka ile honi kifua kinabana. Miezi miwili nilitembea nimeinamisha kichwa, nisije nikaonwa na wanaonijua.

Kilichoniinua kichwa ni ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Ilikuwa Februari. Kijana mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu manne, mpira wa kufungia ukakatika mbele yangu. Nikalidaka dumu. Tulipokuwa tunalifunga upya nikamwuliza mbona mifuniko imelegezwa. Akasema ulanzi hauachi kuchachuka hata safarini. Ukikaza mfuniko, dumu linavimba. Nikauliza tena, naye akanieleza wanavyougema: wanakata ncha ya mwanzi mchanga, wanatundika mbeta, yaani chombo cha kukingia utomvu, kisha ile ncha inachongwa asubuhi na jioni ili utomvu usikome. Ukiwa mbichi ni mtogwa, mtamu. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo si wa mchezo. Miaka sita nilikuwa nimeishi Iringa nikipishana na baiskeli hizo, na sikujua hata moja ya hayo! Nilichelewa kazini, nikasemwa, wala sikujuta.

Basi nikawa mtu wa kuuliza. Akina mama wa vikapu wakanionyesha milulu kabla haijasukwa. Fundi viatu mmoja, mzee, akaniambia jina la mji limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Na lile boma la Wajerumani la mwaka 1900, nililolipita siku zote nikidhani ni ofisi tu, kumbe ndani ni makumbusho. Niliingia saa ya chakula cha mchana, nikarudi kazini na njaa na furaha.

Mwezi uliopita tulipata wageni kutoka Dar. Mkuu akauliza nani atawatembeza mjini. Kimya. Nikanyoosha mkono. Saa mbili nzima niliwaongoza, na nyuma yangu, akiuliza maswali kuliko wageni wenyewe, alikuwa yuleyule wa honi. Sitaficha, nilitembea kifua mbele.

Kwa hiyo dada, njia yako ina kitu. Toa spika masikioni. Toka nyumbani robo saa mapema, usimame, uulize jambo moja tu. Na usalimie! Huku "kamwene" moja inafungua mazungumzo ya nusu saa. Ndugu zangu mnaotamani kuandika na kupiga picha kama mimi, mnasubiri nauli ya kwenda Ruaha kuona tembo, huku kila asubuhi mnawapita watu waliojaa habari bila hata shikamoo. Salimieni. Nasema tena, salimieni.

Dada, mwishoni mwa ujumbe wako umetaja kwamba kila siku unampita bibi anayeanika kitu kwenye ungo mlangoni kwake, na hujui ni nini. Kesho mwamkie, umwulize. Kisha niandikie, maana nami nataka kujua.