Shule ya 4/10 Silver Spring, ya 9/10 Bethesda: kabla hujasaini mkataba wa nyumba

Dada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ni kweli shule za Montgomery County, Maryland, zimeanguka kama watu wanavyosema? La pili, ile alama ya shule ya 4/10 uliyoiona kwenye tovuti ya nyumba inatosha kukufanya uikimbie Silver Spring ukajinyonge na kodi ya Bethesda? Umesema una mtoto wa darasa la nne na mwingine aliyekuwa kidato cha pili. Takwimu za wilaya hii nazifuatilia kila zinapotoka, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana hapa ndipo wazazi wetu wengi wanapopoteza hela.

Tuanze na ukubwa. Maryland kila kaunti ni wilaya moja ya shule, na jiji la Baltimore lina yake, jumla 24. Kwa hiyo MCPS, yaani wilaya ya shule za Montgomery County, ni moja tu, kuanzia Takoma Park mpakani mwa Washington hadi mashamba ya Poolesville. Ina wanafunzi wapatao 160,000 na shule zaidi ya 200. Mtoto wa jumba la Potomac na mtoto wa ghorofa la kupanga Wheaton wako chini ya bodi moja, mtaala mmoja, na walimu wao wanalipwa kwa ngazi zilezile za mshahara. Mtu akikwambia "MCPS imeanguka", muulize MCPS ipi.

Kilichobadilika bila ubishi ni watoto wenyewe. Mwaka 2000 Wazungu walikuwa karibu nusu na Walatino kama mmoja kwa sita. Leo Walatino ndio kundi kubwa, zaidi kidogo ya theluthi. Wazungu wako chini kidogo ya robo, Weusi zaidi ya mmoja kwa watano, Waasia asilimia 14 hivi. Watoto wanaostahili chakula cha bure au cha nusu bei walikuwa karibu robo, sasa wamepita asilimia 40. Wanaojifunza Kiingereza nao wameongezeka sana.

Sasa angalia hesabu hii, ni ya kubuni, lakini ndiyo inayotokea kweli. Chukua shule ya watoto 100. Mwaka wa kwanza, 70 wanakijua Kiingereza vizuri na asilimia 70 yao wanafaulu, yaani 49. Wengine 30 wanajifunza Kiingereza na asilimia 10 wanafaulu, yaani 3. Wastani wa shule ni 52. Miaka kadhaa baadaye wako 50 kwa 50. Kundi la kwanza limepanda hadi asilimia 74, yaani watoto 37. La pili limepanda hadi 16, yaani watoto 8. Wastani wa shule ni 45. Kila kundi limepanda, shule "imeshuka" pointi saba. Mwalimu amefanya kazi nzuri kwa watoto wote, halafu dalali wa nyumba anakuonyesha mshale mwekundu. Wastani wa wilaya au wa shule, peke yake, kwa sehemu kubwa unakueleza nani anaishi pale. Kinachofundishwa darasani unakigusa kwa mbali tu.

Mtego wa pili ni mtihani kubadilika. Hadi 2014 jimbo lilitumia mtihani wa MSA, kuanzia 2015 likaingia mtihani wa PARCC, ambao ulikuwa mgumu zaidi, na asilimia za ufaulu zikaporomoka mwaka uleule bila mtoto yeyote kupungukiwa akili. Mwaka 2020 mtihani haukufanyika kwa sababu ya korona. Sasa kuna MCAP, wenye viwango vinne. Cha tatu na cha nne ndivyo vinavyohesabiwa kuwa ufaulu. Ukiona mchoro unaoanza 2013 hadi leo kwa mstari mmoja usiokatika, ufunge.

Wa tatu huwakamata hata watu wazoefu: hesabu za gredi ya nane. Maryland mtoto anayesoma Algebra 1, somo la kwanza la aljebra la kiwango cha haiskuli, hufanya mtihani wa Algebra 1, hafanyi ule wa gredi yake. Montgomery watoto wengi wenye uwezo wa hesabu hufika Algebra gredi ya saba au ya nane. Kwa hiyo kwenye safu ya "hesabu, gredi ya nane" wanabaki wale ambao hawakuharakishwa, na asilimia inakuwa ya kutisha hata kwenye shule ya matajiri. Kinyume chake ni haiskuli: wanaofanya Algebra 1 pale ni wale ambao hawakuimaliza shule ya kati, na matokeo yanaonekana mabovu huku wenzao wako mbele kwenye Calculus. Ukitaka kuijua hesabu ya shule ya kati, soma gredi ya sita, kisha soma Algebra 1 ya shule hiyohiyo ukitazama idadi ya waliofanya pamoja na asilimia iliyofaulu.

Sasa makundi yenyewe. "Weusi" kwenye takwimu hizi ni kapu moja: Mmarekani Mweusi wa vizazi vingi, Mhabeshi wa Silver Spring, Mnaijeria, Mkongo aliyekuja kama mkimbizi, mtoto wa Mtanzania. Maswali ya usajili ni mawili, kwanza kama mtoto ni Mlatino, kisha mbari yake. Ukijibu ndiyo kwenye la kwanza unahesabiwa Mlatino hata ukiwa na asili ya Afrika. Mtoto wako atahesabiwa mara kadhaa: Mweusi, pengine mwanafunzi wa Kiingereza, pengine wa chakula cha bure. Kundi la wanafunzi wa Kiingereza nalo lina tabia yake. Kila mwaka wanaofanya vizuri hutolewa ndani yake, wageni wapya wanaingia. Ufaulu wake lazima uwe chini siku zote, kama darasa ambalo kila anayefaulu anahamishwa. Usiihukumu shule kwa namba hiyo. Tafuta asilimia ya wanaopiga hatua kwenye Kiingereza kwa mwaka, ambayo jimbo linaitoa kando.

Kipimo cha umaskini pia si kamili. Kwa fomu ya kawaida, chakula cha bure ni kwa familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, cha nusu bei hadi asilimia 185. Lakini shule nyingi zimeingia mpango wa kulisha watoto wote bure bila fomu, na kuanzia 2023 sharti la kuingia lilishushwa kutoka asilimia 40 ya watoto wanaotambuliwa moja kwa moja, kupitia programu kama SNAP (msaada wa serikali wa chakula), hadi 25. Mzazi aliye juu kidogo ya kiwango cha SNAP, au anayeogopa kuomba chochote kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji, haonekani humo. Tofauti ya pointi tano kati ya shule mbili kwenye safu hii haina uzito. Ya pointi arobaini ina uzito.

Je, basi mazingira hayana maana, kaa popote? Hapana, na hapa nitawakera wanaopenda jibu jepesi. Montgomery ni mojawapo ya sehemu chache zilizopimwa vizuri. Tangu 1974 kaunti ina sheria ya MPDU inayomtaka mjenzi wa mtaa mpya atenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato cha kawaida, leo angalau asilimia 12.5, na mamlaka ya nyumba ya kaunti inaruhusiwa kununua hadi theluthi ya hizo. Familia maskini zilizoomba nyumba za mamlaka zilipangwa kwa bahati nasibu, hivyo nyingine zikaangukia mitaa ya matajiri bila kuchagua. Mtafiti Heather Schwartz alifuatilia watoto wapatao 850 wa shule za msingi, 2001 hadi 2007, akachapisha 2010. Waliosoma shule zenye umaskini mdogo, walipofika mwisho wa msingi, walikuwa wamepunguza pengo lao na watoto wasio maskini kwa nusu kwenye hesabu na kwa theluthi kwenye kusoma.

Wakati huohuo wilaya, chini ya mkuu wake wa wakati huo, Jerry Weast, ilikuwa imeigawa kaunti kanda nyekundu, ya shule zenye umaskini mwingi, na kanda ya kijani, na nyekundu ikapata fedha zaidi, madarasa madogo ya mwanzo, chekechea ya siku nzima. Hata hivyo wale wa shule za matajiri waliwapita wenzao wa nyumba za mamlaka waliosoma kanda nyekundu. Ila soma masharti: faida haikuonekana mwaka wa kwanza wala wa pili, ilikuja baada ya kukaa miaka mingi, na utafiti ulihusu msingi tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ile 4/10 inatia chumvi tofauti iliyopo, lakini tofauti haikosi kabisa. Kwa mtoto wako mdogo, wa darasa la nne, aliyebakiwa na mwaka mmoja au miwili ya msingi, faida ya Bethesda itakuwa ndogo kuliko kodi utakayolipa, hasa kama kodi hiyo itawafanya wewe na shemeji mfanye kazi mbilimbili na mtoto abaki peke yake jioni. Ungekuwa na mtoto wa miaka minne ningekujibu tofauti.

Namna ya kulinganisha shule mbili mwenyewe. Usianze na jina la mji, kwa maana anwani ya posta ya "Silver Spring" inaenea eneo kubwa linaloangukia shule nyingi tofauti. Chukua namba ya nyumba na mtaa, ingiza kwenye kitafuta shule cha MCPS, andika msingi, ya kati na haiskuli. Uliza kama nyumba hiyo imo kwenye mabadiliko ya mipaka ya shule, maana jengo jipya la haiskuli ya Crown kule Gaithersburg na kufunguliwa tena kwa haiskuli ya Woodward vinahamisha mitaa. Kisha nenda Maryland Report Card, tovuti ya jimbo ya matokeo ya shule, fungua kila shule, chagua gredi ya nne na ya tano, kusoma na hesabu, na gawa kwa makundi. Linganisha watoto wa chakula cha bure wa shule A na wa shule B, wala usilinganishe wote kwa wote. Ukiona nyota badala ya namba, watoto hawafiki 10 na matokeo yamefichwa, ukiona "≤5.0" au "≥95.0" namba imebanwa makusudi kulinda siri zao. Shule ya 9/10 ambayo kundi la mtoto wako lina nyota tupu haijakwambia lolote kuhusu mtoto wako. Chukua miaka mitatu, kwa sababu watoto 20 wakibadilika wanne tu, asilimia inaruka pointi 20.

Halafu tazama ukuaji wa alama mwaka hadi mwaka, na utoro. Mtoro sugu ni aliyekosa asilimia 10 ya siku, yaani 18 katika 180. Zingatia hili na wewe: safari ya Desemba nyumbani ikivuka hadi katikati ya Januari inakula nusu ya hizo.

Angalizo moja la haiskuli: shule kama Montgomery Blair ina programu ya hesabu, sayansi na kompyuta tangu 1985, inayochukua watoto kama 100 kila mwaka kutoka sehemu kubwa ya kaunti. Alama zao zinaingia kwenye wastani wa Blair. Ni shule mbili ndani ya geti moja, kwa hiyo ukisikia Blair ni kali, uliza ni kwa nani. Programu hizi zinapangwa upya kwa kanda, hivyo ulizia mpangilio wa mwaka utakaoanza.

Huyo wa kidato cha pili ndiye ninayemhofia zaidi, na kwake alama ya tovuti haina msaada kabisa. Swali lake ni atawekwa gredi ya 9 au ya 10 na masomo mangapi ya nyumbani yatatambuliwa. MCPS inadai krediti 22 za masomo na saa 75 za kujitolea ili kuhitimu, na kipimo cha kuhitimu kinahesabu miaka minne tangu gredi ya 9. Njoo na ripoti zote za muhula zenye muhuri, matokeo ya mtihani wa kidato cha pili, na orodha ya masomo kwa Kiingereza. Bila hizo wanaweza kumrudisha hesabu alizokwishamaliza. Ikilazimu achelewe, sheria ya Maryland inampa shule ya bure hadi atimize miaka 21.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili kama ndicho mnachoongea. Wapo wanaoandika Kiingereza ili mtoto "asitupwe ESOL", yaani masomo ya wanaojifunza Kiingereza, halafu mtoto anakaa nyuma ya darasa la historia haelewi nusu, na walimu hawana agizo la kumsaidia. Akipimwa na akaonekana yuko sawa, haingii. Akiingia, mtihani wa Kiingereza wa ACCESS hufanyika kila majira ya baridi, na akifikisha alama ya jumla iliyowekwa na Maryland anatoka. Mkalimani wa mkutano ni haki yako na halipiwi, na shule hairuhusiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Bado unaitamani Bethesda? Orodha ya majengo ya kupanga yenye nyumba za MPDU iko kwenye tovuti ya kaunti. Maombi unapeleka kwenye ofisi ya jengo lenyewe, na karatasi za mshahara wa nyumba nzima. Piga simu kwa majengo kadhaa wiki hiyohiyo, kwa sababu kila moja lina foleni yake.