Masharti ya mazishi yajadiliwe kabla ya mlipuko

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini watu hupinga hatua za kudhibiti maambukizi hata pale ugonjwa unapowaua jirani zao. Mimi, mkazi wa Kisumu, naona kwamba upinzani mkali zaidi huzuka panapohusika maiti, wala si barakoa au maji ya kunawa.

Mnamo Aprili 2020, huko Siaya, marehemu aliyehusishwa na korona alizikwa usiku, bila jeneza, na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga, na picha zake zikaenea nchi nzima. Maiti ya aliyeuawa na Ebola hubaki na virusi vingi, na kuiosha kwa mikono mitupu ni hatari kubwa. Korona huenezwa hasa na pumzi ya walio hai. Kumzika mtu wa korona kana kwamba ni wa Ebola ulikuwa ukali usio na sababu, na wananchi waliotambua hivyo hawakuwa wajinga.

Wala si kweli kwamba mila zetu hazijui karantini. Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000 na kuua watu 224, Waacholi, ambao ni ndugu wa Wajaluo kwa lugha, walikuwa na kanuni zao za kukabili gemo, yaani tauni: mgonjwa hutengwa katika nyumba ya peke yake, anayemhudumia ni mtu aliyekwisha kuugua akapona, mabua ya mabingobingo husimamishwa kuwaonya wageni, na ngoma husitishwa. Jamii iliyojiwekea masharti makali kiasi hicho haiwezi kulaumiwa kwa ukaidi. Kilichoitia hofu ni wodi zilizozungushiwa maturubai, ambamo jamaa hawakuweza kuona wagonjwa wao wanafanywa nini. Ebola ilipozuka Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2018, shirika la kimataifa la matibabu la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu ili familia imwone mgonjwa na kuzungumza naye.

Najua nitaambiwa kwamba ugonjwa hausubiri baraza la wazee. Ndiyo maana kaunti zetu zingekaa sasa na machifu, viongozi wa dini na koo, zikaafikiana ni jamaa wangapi watakaosimama kaburini, kwa umbali gani, nani atakayeomba, na ni ugonjwa upi hasa unaodai masharti hayo.